Mgeni Aliyekataa Kuku wa Mama

Mimi filamu za mapenzi siangalii kwa macho tu, naangalia na kwa tumbo. Niwekee ile ya vijana wawili wanaoanza kupendana, wamemaliza shule juzi, hawajui hata wanachokitafuta, na mimi nitakaa pale kusubiri chakula. Busu likija, sawa. Lisipokuja, sawa pia, wala silalamiki. Lakini sahani lazima ije. Ikija sahani, namfinya aliyekaa karibu yangu na kumwambia anyamaze, maana hapo mambo yameiva.

Na huwa yameiva kweli. Kijana anamchambulia msichana miiba ya samaki na kusogeza minofu upande wake wa sahani, bila kusema neno. Msichana analamba aiskrimu inayoyeyuka, na kijana anakinga kiganja chini yake ili tone lisiangukie gauni. Wanainamia bakuli moja la tambi mpaka mvuke unawaficha nyuso. Halafu ile ninayoipenda kuliko zote: msichana hajui kupika, anaunguza yai, linakuwa jeusi kama mkaa, na kijana analila lote na kusema ni tamu. Mwanaume akila yai la namna hiyo bila kukunja uso, mimi huwa nasema huyo ameshaoa, zilizobaki ni taratibu tu.

Binamu yangu, tuliyekuwa tukiishi naye nyumbani Runazi, alikuwa ananicheka. Tuliziangalia kwenye simu yake mchana tukichambua maharage, simu tumeiegemeza kwenye debe. Yeye alitaka wapigane, wafukuzane, mtu aanguke na pikipiki. Mimi nilimwomba arudishe nyuma nione tena jinsi kijana alivyomenya chungwa. Filamu zenyewe zilikuwa zimetafsiriwa, ile sauti ya mtu mmoja anayesema maneno ya wote, ya msichana, ya kijana, ya baba mkali mpaka ya mbwa. Yule mtafsiri naye alikuwa mwenzangu. Chungwa likianza kumenywa tu, utamsikia: "Hapo dada kashaingia kwenye kumi na nane zake." Nilikuwa nacheka mpaka maharage yanamwagika.

Huu ujuzi sikuzaliwa nao, nilifundishwa. Na aliyenifundisha ndiye aliyeniletea balaa lote ninalotaka kusimulia.

Nilikuwa na duka dogo pale kijijini, sabuni, chumvi, mafuta ya kupaka, vitu vya kila siku. Nikienda Biharamulo mjini kufunga mzigo, lazima nipite kwenye kibanda kimoja karibu na stendi kuweka filamu mpya kwenye flashi. Mwenye kibanda alikuwa kijana wa Ngara, kwao vijiji vya upande wa Lukole, watoto wa wakulima wa migomba na maharage, Wakatoliki wa kwenda misa hata mvua ikinyesha. Alikuwa anatengeneza simu, anafunga ving'amuzi, anauza chaja, na muda wote ana waya wa redio masikioni. Filamu aliita "firamu". Mara ya kwanza nilimcheka mbele ya wateja. Hakununa. Aliniambia tu, "Wewe cheka, firamu nzuri ninazo mimi."

Siku moja mvua ilinikamata pale, nikakaa kwenye benchi lake. Kwenye kioo cha televisheni kilichotundikwa ukutani kulikuwa na msichana na kijana wamekaa kwenye ngazi za shule. Nikasema, hii filamu imepoa, hakuna kinachotokea. Akaisimamisha. Akaweka kidole kwenye kioo, pale kwenye mkono wa kijana.

"Usiangalie mdomo," akasema. "Angalia mkono. Anataka kumshika mkono, anaogopa. Kwa hiyo anafanya nini?"

"Anamenya chungwa."

"Sasa hilo chungwa ndiyo mkono wenyewe."

Mungu wangu, nilihisi kama mtu kanivua kitambaa machoni. Nikamwambia aendelee. Kijana akatenga kipande cha chungwa, akaondoa mbegu, akampa msichana, na yule msichana akakipokea kwa vidole viwili kama anapokea komunyo. Mvua ilikatika, abiria wenzangu wakaniita, nikawaambia watangulie.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yetu. Nilikuwa nafunga mzigo haraka haraka, hata kubishana bei nimeacha, nikimbilie kwenye benchi. Tunabishana. Mimi nasema msichana akikataa chakula, mapenzi yamekwisha. Yeye anasema hapana, tazama vizuri, mara nyingine mtu anakataa kula kwa sababu kinachomjaa ni kikubwa kuliko tumbo. Mimi nasema hayo ni maneno ya mtu mwenye njaa. Anacheka, anaagiza chipsi mayai sahani moja na vijiti viwili, anazisukumia upande wangu zile zilizokaukia pembeni kwa sababu aliniona nazipenda. Sikuwahi kumwambia nazipenda. Aliona mwenyewe.

Siku ya kwanza ya chipsi hizo nilirudi Runazi nikiwa juu ya bodaboda na katoni za sabuni, naimba.

Binamu yangu ndiye aliyenimwagia maji baridi. "Chipsi kakupa, neno je? Kakwambia nini?"

Hakuwa ameniambia kitu. Hapo ndipo palikuwa pananiuma. Alijua kusoma chungwa la watu wasiomjua, alijua kunieleza kwa nini msichana wa kwenye kioo amemega mkate kwa mkono wa kushoto, lakini mimi nilikuwa mbele yake na hakusema hata herufi. Nilitaka neno, nilikuwa nalitaka kwa hasira. Nilitaka kujua kama huyu ananitaka mimi au anataka mtu wa kuangalia naye filamu.

Basi upepo ukanisaidia. Ulipiga dishi letu likageukia porini, taarifa ya habari ya mama ikawa chenga tupu. Mama yangu ni mjane, ni mkulima wa mahindi na mihogo, na ni mtu anayeweza kukosa chakula cha jioni lakini si taarifa ya habari. Nikamwambia, tulia mama, namjua fundi mjini.

"Fundi," mama akasema.

"Ndiyo mama, fundi."

"Sawa. Mlete fundi."

Asubuhi ya siku hiyo niliamka nikamkuta uani ameshamchinja jogoo. Nikasimama mlangoni. Jogoo yule alikuwa mkubwa, tulikuwa tunamtunzia sikukuu. Fundi wa dishi hachinjiwi jogoo. Fundi anapewa chai na kipande cha muhogo, analipwa, anaondoka. Mama hakuniangalia, aliendelea kunyonyoa, na mimi nikarudi ndani nikambeba binamu yangu nikamzungusha mpaka akapiga kelele. Mama alikuwa anajua. Alikuwa anajua, na alikuwa amechinja.

Nilikuwa nimeshaiona siku nzima kichwani, maana hiyo sehemu ipo kwenye filamu zote. Kijana anakuja nyumbani kwa msichana. Ana aibu, anakaa kwenye ncha ya kiti. Mama anampakulia. Kijana anaonja, macho yanafunguka, anaomba aongezewe, mama anacheka kwa mara ya kwanza, na muziki unaanza. Mimi nilikuwa nasubiri huo muziki.

Alifika saa za mchana, amevaa shati lililopigwa pasi. Alimwamkia mama akiwa bado mbali, ameinama, macho kwenye viatu. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Hakusogea kumpa mkono. Nikajiambia ni aibu. Akapanda ngazi, akahangaika na dishi, sisi chini tunapiga kelele, imekuja, imepotea, imekuja. Mama alipotoka kuangalia, yeye akahamia upande wa pili wa paa. Mama alipozunguka, naye akazunguka. Nikaanza kuona haya kwa niaba yake. Huyu mbona anamkwepa mama yangu kama mtu anayedaiwa naye?

Picha ikakaa. Mama akaandaa sebuleni: ugali wa muhogo, mchuzi wa yule jogoo na nazi ya kutoka mjini ambayo sikujua ameinunua lini. Juu ya sahani ya mgeni aliweka firigisi. Kwetu firigisi ilikuwa ya baba. Tangu baba alipotangulia, mama alikuwa akiikata vipande na kuichanganya kwenye mchuzi, hakuna aliyewahi kupewa nzima. Mama akachukua jagi na beseni mwenyewe, akakaa mbele ya kiti cha mgeni, akasema, "Njoo baba, unawe tule."

Yule kijana alisimama mlangoni. Aliiangalia sahani. Aliniangalia mimi. Akaangalia sakafu.

"Nimeshiba mama," akasema. "Mungu awabariki sana."

Akatoka nje, akasema anakaza nati za dishi.

Mama alibaki na jagi mkononi. Nilimfuata kijana nikamwambia kwa kunong'ona, acha utani, ingia ule. Akasema ameshiba. Nikamwambia hata kama umeshiba, onja. Akatikisa kichwa. Nikamwambia wewe unajua, wewe kuliko mtu yeyote unajua sahani inasema nini. Akasema, "Ndiyo maana." Mimi hasira zikanipanda hata sikusikia hilo neno, nililisikia baadaye kabisa.

Nilirudi ndani. Mama alikuwa ameifunika ile sahani kwa sahani nyingine.

"Mwanangu," akasema polepole, "akufukuzaye hakwambii toka. Mimi si mtoto. Nilimpa ya baba yako, karudisha nzima. Anaona nitamwekea kitu kwenye chakula, au anatuona sisi wachafu, mimi sijui na sitaki kujua. Mwanaume asiyekula mkononi mwangu hataoa mtoto wangu. Msindikize fundi wako, mpe haki yake, na iwe leo tu."

Binamu yangu aliinama na kuanza kuondoa vyombo. Sikulia. Mimi nikikasirika silii, natembea haraka.

Nilimsindikiza mpaka njia panda, pale chini ya nyumba yetu ambapo pikipiki zinasimama. Nilikuwa nayapanga maneno. Nilitaka nimwambie asinipigie tena, asinisogezee tena chipsi za watu, na akafie huko na firamu zake. Njia panda palikuwa na mama mmoja anachoma mihogo, mgeni hata kwetu, alikuja msimu huo tu. Kijana wangu akafika pale, akanunua muhogo mnene, akaunyunyizia pilipili, akaanza kula. Hakula kwa heshima. Alikula kama mtu aliyelima tangu alfajiri. Akamaliza, akaomba wa pili.

Nilimtazama.

"Kumbe una njaa."

Akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa.

"Una njaa," nikasema, na sasa mwenye mihogo amegeuka, na vijana wa bodaboda wamezima pikipiki wasikie vizuri. "Mama yangu amechinja jogoo wa sikukuu. Amekupa firigisi ya marehemu baba yangu. Amekushikia jagi yeye mwenyewe. Umesema umeshiba. Halafu unakuja hapa unakula kwa mtu ambaye hata jina lake hulijui. Mama yangu ana nini? Sema hapa hapa, mama yangu ana nini mpaka ule kwa huyu usile kwake?"

Alimeza. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Akajibu kama vile nimemuuliza saa ngapi.

"Huyu wa mihogo si mama mkwe wangu."

Mwenye mihogo akasema, "Ehee," akaweka koleo chini.

Yeye akaendelea, muhogo mkononi. Kwao Ngara, akasema, mtu hafungui kinywa kutafuna mbele ya mama mkwe. Bora uonekane umevua shati. Hamkai meza moja, hamtazamani usoni, chakula chako unaletewa kando, mpaka wazee wakutane na waliondoe jambo hilo kwa taratibu zake. Kaka zake wote walifanya hivyo. Tangu alipoamua kuhusu mimi, akasema, mama yangu kwake amekuwa mtu wa kukwepwa, hata kwenye paa.

"Na lini uliamua?" nikamuuliza. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Siku ya mvua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Umenileta nyumbani kwenu unasema mimi fundi. Nimwambie, samahani mama, mimi fundi sili kwa sababu wewe ni mkwe wangu?"

Kijana mmoja wa bodaboda akasema kwamba hilo ni kweli kabisa, fundi angesema hivyo angekuwa na makosa. Nikamwambia anyamaze, hayamhusu. Halafu nikainua gauni mpaka magotini nikapandisha kile kilima mbio, mimi mtu mzima mwenye duka, naanguka, nainuka, nacheka peke yangu. Neno nilikuwa nimelipata. Nililipata na pilipili juu yake, mbele ya watu. Lakini kule juu kulikuwa na mama aliyeshasema iwe leo tu, na mama yangu akisema harudii.

Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, hafanyi kitu. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Kwamba si dharau. Kwamba kwao mkwe hali mbele ya mama mkwe. Kwamba alikuwa na njaa ya kufa na bado hakula. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, nikamwambia, huyu anayo mama, huyu alikuwa na njaa na mwiko akaushika.

Binamu yangu alisimama mlangoni na dekio mkononi.

"Hata baba yako," mama akasema mwishowe, "alikaa mwaka mzima anakula kwa jirani, mama yangu asimwone." Akachukua kitambaa akapangusa mikono iliyokuwa mikavu. "Lakini huyu ana waya masikioni. Nani angedhani mambo ya wazee yamo ndani yake? Na wewe ndiye mwenye makosa. Fundi anakula. Asiyekula ni mkwe. Umeniletea mkwe ukaniambia fundi, nikamkalia mbele na jagi kama mwendawazimu."

Akasimama. Akatoa ile sahani iliyofunikwa, akamimina vyote kwenye hotipoti, ugali, mchuzi na firigisi juu yake, akakaza kifuniko. Nikanyoosha mikono kuipokea. Akanipita. Alijitanda kanga na kuanza kushuka kilima mwenyewe, mimi na binamu nyuma yake tunakimbia kidogo kidogo ili tumfikie.

Kijana alikuwa bado pale njia panda. Alipomwona mama anakuja alikuwa na muhogo mdomoni. Acha kabisa. Aligeuka, hakujua pa kuutema, hakujua pa kuuficha, akajibana nyuma ya nguzo ya kibanda cha mwenye mihogo, nguzo yenyewe nyembamba kama mpini wa jembe. Watu wote wa njia panda walikuwa wamesimama, na hakuna aliyecheka.

Mama aliishia mbali, kama mtu anayeogopa kukanyaga mbegu. Akaweka hotipoti juu ya jiwe. Hakumwangalia. Akajifunika kanga kichwani, akatugeuzia mgongo sisi sote, akatazama upande wa mashamba.

Nilibeba hotipoti nikampelekea. Alikaa chini, akanawa kwa maji ya mwenye mihogo. Alikata tonge la kwanza, na mimi nilikuwa nimeketi mbele yake, siangalii mdomo, naangalia mkono. Alikula. Alikula mchuzi wa mama yangu akiuangalia mgongo wa mama yangu, na machozi yakawa yananitoka, na sikujali nani ananiona.

"Anakula?" mama akauliza, hajageuka.

"Anakula, mama."

Akakaza kanga kichwani, bado anatazama mashamba.

"Mwambie mkwe wangu atafune polepole," akasema. "Jogoo wa kienyeji yule, mifupa yake ni migumu."